Ami, Mjane na Tagi za Kilindini

Mgeni atokaye bara, akisimama mara ya kwanza juu ya majabali ya Mama Ngina, aghalabu hudhani kwamba maji yaliyo mbele yake ni mto. Upande huu ni kisiwa, upande ule ni Likoni, na katikati umepita mkondo mwembamba uingiao ndani hadi usipoonekana tena. Si mto. Ni mkono wa bahari, na kina chake ndicho kilichowafanya wazee wetu wakauita Kilindini, mahali penye kilindi. Hapo ndipo zipitapo meli zote ziingiazo bandarini, na mbele na nyuma yake tagi, zile mashua fupi nene zenye mashine kubwa kuliko umbo lake.

Tumezitazama tagi hizi tangu tukiwa watoto wa chuo, juzuu zikiwa kwapani, tukikimbilia ufukweni baada ya Alasiri kabla hatujatafutwa nyumbani. Kwa sura tulizijua. Kazi yake tumekuja kuijua mwaka huu, tukiwa na mvi, na aliyetufungulia mlango huo ni bibi mmoja mjane aliyetujia baada ya darsa ya wanawake.

Bibi huyo ana mwana mmoja wa kiume, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye sisi wenyewe tulimsomesha hadi akakhitimu. Kijana amemaliza mafunzo ya ubaharia, akapata nafasi ya kujifunza kazi juu ya tagi. Ami yake, aliyemlea tangu babake alipofariki, amekataa katakata. Ana hoja mbili. Ya kwanza, bahari imekwisha kuchukua mtu wao: dada yake alikuwa ndani ya feri ya Mtongwe asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, siku walipokufa maji watu 272. Ya pili, kazi ya zamu itamkosesha kijana Ijumaa na jamaa, na riziki impotezeayo mtu swala yake haina baraka.

Tukiri kwamba tuliegemea upande wa ami. Tulimwambia yule bibi amtafutie mwanawe kazi ya nchi kavu, hata kama ni ya duka. Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sawa, Maalim. Lakini hiyo gesi mliyopikiwa chai asubuhi imeletwa na watu wa duka?"

Hatukuwa na jawabu. Tangu kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilipositisha kazi yake mwaka 2013, petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege huja Kenya yakiwa tayari yamesafishwa, na njia yake ni mkondo huu. Katika shehena hiyo hiyo mna fungu la Uganda, la Rwanda, la Sudan Kusini na la mashariki ya Kongo. Meli ya mafuta ikizuilika hapa mlangoni, taa ya mtu wa Kigali na gari la mtu wa Kampala huanza kuhesabu siku.

Basi tulimwomba ami aje tukae naye Mama Ngina jioni moja, na tukamwalika mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyestaafu baada ya kushika kamba za tagi kwa miaka mingi. Mzee alitupangia siku kwa hesabu ya maji, maana meli nzito hupendelea kuingia maji yakijaa. Alikuja na kofia yake ya kazi, imefifia rangi hata haijulikani ilikuwa buluu au kijani.

Meli ilitokea nyuma ya mawimbi ya mwamba, nyekundu chini na nyeusi juu, imezama sana kwa uzito wa mafuta. Rubani wa bandari alikuwa amekwisha kupanda huko nje kwa ngazi ya kamba. Tagi moja ilikuwa imejifunga nyuma kwenye tezi, nyingine mbele upande wa omo, ya tatu yafuata ubavuni bila kamba. Ami akauliza lile ambalo nasi tulitaka kuuliza: chombo kikubwa namna ile, chenye mashine yake na usukani wake, chahitaji vitoto vile vya nini?

"Bwana wangu," alisema mzee, "meli hiyo ikienda kasi haiwezi kusimama, na ikienda pole haiwezi kugeuka."

Akatueleza. Usukani hufanya kazi kwa maji yapitayo juu yake. Meli ikipunguza mwendo, maji yale hupungua nguvu, na usukani huwa kama ubao tu. Lakini kuingia kwa mwendo wa baharini haiwezekani, kwa kuwa uzito wa maelfu ya tani hausimami kwa amri. Hata mashine ikirudishwa nyuma, meli huendelea kuteleza masafa marefu. Tagi ya nyuma ndiyo breki. Ya mbele ndiyo huigeuza kichwa. Panga zake zaweza kuzungushwa kuelekea upande wowote, ndiyo maana huonekana ikienda kiubavu kama kaa.

Si kila mahali tagi huvuta. Katika mto Mississippi kule Marekani, matishari thelathini au zaidi hufungwa pamoja, safu kwa safu, yakasukumwa kutoka nyuma na chombo kimoja. Hapa kwetu tishari ni neno la babu zetu. Kabla ya magati mawili ya kwanza ya kina kukamilika Kilindini mwaka 1926, meli zilitia nanga katikati ya maji, na kila gunia likashushwa tishari kisha likabebwa pwani mabegani. Mzee alisema babu yake alikuwa mmoja wa wabebaji hao, na alikufa na kovu la begani.

Meli ilikuwa sasa yafika usawa wa kivuko. Feri zote mbili zilikuwa zimezuiliwa, moja upande wa kisiwa, moja upande wa Likoni, zimejaa watu kama kawaida ya saa ile ya kurudi makazini. Hukadiriwa kuwa watu zaidi ya laki tatu huvuka hapo kila siku. Hakuna aliyekuwa akiitazama meli. Walikuwa wakitazama simu zao, wengine wakisukumana wapate kivuli. Ami peke yake ndiye aliyenyamaza, macho yake hayakutoka kwenye zile feri. Hatukumuuliza alichokuwa akifikiri, na msomaji naye hana haja ya kuambiwa. Meli ilipita katikati, polepole, kamba ya nyuma imekazika sawasawa, na mkondo wote ukakaa kimya kwa dakika chache.

"Kamba ikikatika?" akauliza ami.

Hapo tulitamani mzee ajibu kwa hekima ya kutuliza. Hakufanya hivyo. Alisema kamba ikikatika yaweza kumpiga mtu akafa papo hapo, ndiyo maana baharia hasimami penye njia yake hata kwa lahadha moja. Kisha akaongeza kwamba kamba isiyokatika ndiyo mbaya zaidi. Tagi ikijisahau, meli ikaitangulia na kamba ikaivuta kiubavu, hupinduka kwa muda mfupi kuliko wa kusoma Fatiha. Kwa hiyo kila tagi ina ndoana ya kuachia kamba mara moja, na mafunzo yote ya mwanzo ni hayo: ujue lini utavuta na lini utaachia.

Tulidhani shauri la kijana limekwisha pale pale. Ami alikaa kitambo, kisha akasema, "Huyu hajanificha kitu." Tukaona uso wake umelainika. Yamkini miaka yote hii watu walikuwa wakimwambia kuwa bahari haina neno, na yeye alijua kuwa ina neno.

Ikabaki hoja ya swala, na hiyo ilikuwa juu yetu. Kabla hatujafungua mdomo, adhana ya Magharibi ikaanza kusikika kutoka Likoni. Mzee akasema taabu ya tagi si Adhuhuri wala Alasiri, kwani wakati wake ni mpana, na kuingiza meli moja hakuzidi saa chache. Taabu ni Magharibi, ambayo wakati wake hapa kwetu ni kama saa moja na dakika kidogo. Wao walikuwa wakipokezana: mmoja aswali, mwenziwe ashike, kisha wabadilishane. Wenzao Wakristo waliwashikia Ijumaa, nao wakawashikia Jumapili na Krismasi. Na kibla hakikuwapa shida, kwa kuwa Makka kutoka Mombasa iko kaskazini karibu sawasawa. Dira ya chombo ilitosha, na tagi ikigeuka wao hugeuka nayo.

Tulimweleza ami, na twawaeleza wasomaji wenye wana katika kazi kama hizi, kwamba baharia wa tagi si msafiri. Hatoki nje ya mji wake, basi hapunguzi swala. Ama Ijumaa, wanazuoni wa madhehebu yetu wamemhesabu alindaye nafsi za watu na mali kuwa ni miongoni mwa wenye udhuru, ikiwa kuondoka kwake kwaleta madhara. Huyo huswali Adhuhuri rakaa nne. Lakini udhuru huo ni wa aliye kwenye kamba saa ile. Aliyemaliza zamu akaenda kulala haumfikii.

Lipo jambo jingine ambalo ami alilitaja mwenyewe tulipokuwa twarudi nyumbani. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilitoboka humu bandarini, mafuta yakaenda hadi Port Reitz yakaichoma mikoko, na yeye wakati huo alikuwa akiishi kwa kamba na kaa wa huko. Alikaa bila kazi. Tangu mwaka 1963 gati la Kipevu lilipokea meli moja moja tu ya mafuta. Lile jipya lililofunguliwa mwaka 2022, mbali kidogo na ufuo, lina nafasi ya meli nne. "Nne," alirudia ami. "Basi watahitajika watu wanaojua kushika."

Alitoa ruhusa, na akaweka sharti zake: kijana atamletea mamake nusu ya mshahara wa mwanzo, hatakosa Ijumaa siku isiyo ya zamu yake, na atakwenda kwa yule mzee kila juma ajifunze yale yasiyofunzwa darasani. Mama mtu alitoa sharti moja, ampigie simu akishuka, hata ikiwa ni usiku wa manane.

Juma lililopita tulikuwa na ami kivukoni, feri imezuiliwa. Meli ilikuwa ikitoka, tupu, imeinuka juu ya maji. Kwenye sitaha ya tagi ya nyuma tulimwona kijana wetu amevaa jaketi la kuokolea, kofia ngumu kichwani. Ami alinyoosha mkono na kumpungia, watu wakageuka kumtazama. Kijana hakupunga. Macho yake yalikuwa kwenye kamba.

"Afadhali," akasema ami, akashusha mkono.