Kizibo si kipimo: kuchanganya petroli na oili ya chenso

Kiangazi kimeingia huku kwetu Mufindi na kila upande unasikia chenso zinalia kwenye paina na milingoti. Leo naweka mbolea pembeni kidogo, tuongelee petroli na oili. Kuna kosa nililifanya mimi mwenyewe, na aliyelipia ni mkulima wangu.

Mwaka jana tulikuwa kwenye mafunzo ya kupunguza miti shambani. Mzee mmoja akaniuliza, oili naweka kiasi gani? Nikamjibu haraka haraka: kizibo kimoja kwa lita moja. Kichwani nilikuwa na kile kizibo kirefu cha chupa ya oili niliyozoea kutumia, kinachoingia mililita 20. Yeye akaelewa kizibo cha chupa ya maji ya kunywa. Siku nne baadaye akanipigia: "Bwana shamba, mashine imezima na kamba haivutiki kabisa."

Nilipofika, fundi alishaifungua. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa ekzosi, na ringi zimeganda. Injini imenoki. Nikamwomba mzee anionyeshe anavyochanganya, akatoa kizibo chake. Nikachukua sirinji ya mifugo kwenye mkoba, tukapima: mililita 7. Yaani lita nzima ya petroli ilikuwa inapata theluthi tu ya oili inayotakiwa. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Si ulisema kizibo?" Nilichangia nusu ya bei ya pistoni na silinda, lakini wiki mbili za kazi hazikurudi.

Sasa elewa kwa nini mashine haisamehi. Pikipiki nyingi za siku hizi zina oili yake chini ya injini. Chenso haina. Oili pekee inayofika kwenye pistoni na beringi ni ile iliyomo ndani ya petroli, na injini yenyewe ikikolea inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, inapozwa na upepo tu. Ukipunguza oili, chuma kinasuguana na chuma. Ukizidisha, utaona moshi mwingi, plagi inakuwa nyeusi na ekzosi inaziba masizi. Hiyo nayo ni hasara, ila plagi unaweza kuisafisha. Pistoni iliyochanika huisafishi.

Chenso nyingi mpya zinataka 50 kwa 1, maana yake mililita 20 za oili kwa lita 1 ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita 5. Nyingine, hasa za zamani, zinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita. Baadhi ya vitabu vya mashine za Stihl vinasema 50 kwa 1 kama unatumia oili yao, na 25 kwa 1 ukiweka ya kampuni nyingine. Kwa hiyo kabla hujamuuliza jirani, fungua kitabu cha mashine yako. Kama kimepotea, angalia kifuniko cha tangi la mafuta, mara nyingine wameandika hapo.

Kwenye chupa ya oili tafuta maandishi 2T, halafu JASO FC au FD. Ukiona TC-W3, irudishe: hiyo ni ya injini za boti, zinazopozwa kwa maji. Na oili namba 40 ya gari usiichanganye na petroli hata kama muuza duka anaapa.

Kupima, nunua sirinji mpya ya mililita 20 kwenye duka la dawa za mifugo. Moja kwa lita, umemaliza. (Ikishagusa oili isirudi tena kwa ng'ombe, tafadhali.) Changanya kwenye dumu safi, mbali na moto na sigara, tikisa vizuri, na tikisa tena kila unapotaka kujaza tangi. Acha injini ipoe kwanza. Changanya ya kutumia siku chache tu. Ikipita mwezi petroli inachoka, usiitie.

Oili ya mnyororo ni habari nyingine na tangi lake ni lingine. Najua wengi tunaweka oili chafu iliyomwagwa kwenye magari. Ina chembe za chuma, inakula pampu na baa, na inakurukia mikononi siku nzima. Ukikosa oili yenyewe ya mnyororo, hapo ndipo namba 40 mpya inaweza kukusogeza kwa muda.

Yule mzee sasa sirinji yake ameifunga kwa kamba kwenye mpini wa dumu. Kijana akija kuazima chenso, anaazimwa na dumu.