Nywele ndefu kwa mwanaume: namna ya kuzipanga siku ya mahari, harusi, kilio ao kazi

Kijana akifika kwa bakwe siku ya mahari, wazee wanatazama kwanza viatu, kisha kostimu, kisha macho yanapanda kwenye kichwa. Kama kuko rasta zenye kufika mabegani, mazungumzo yanaweza kugeuka hata mbele ya mbuzi kuhesabiwa. Mujomba mmoja atauliza kazi ya kijana mara ya pili. Mama mukwe atanyamaza. Na pengine huyu kijana ni mwalimu, ni fundi wa umeme ao muuguzi mwenye kuamka saa kumi na moja kila siku.

Bukavu, Goma, Uvira, Bunia, Butembo ao Kindu, wanaume wenye kufuga nywele wako: wengine rasta, wengine afro, wengine misuko ya kulala kichwani. Siku za kawaida hakuna shida kubwa. Shida inakuja siku ya heshima. Wengi wanajikuta na njia mbili tu: kunyoa kazi ya miaka mitano kwa dakika kumi, ao kwenda vile vile na kungoja maneno. Kuko njia ya tatu: kuzipanga nywele hivi mtu akikutazama aone kwamba ulijitayarisha kwa ajili yake.

Kwa nini zinaogopesha hapa kwetu

Mbele ya kusema wazee wako nyuma, ni vizuri kukumbuka wanachokumbuka wao. Katikati ya miaka ya 2000, huko Kivu ya Kusini, kundi la watu wenye silaha walioitwa Rasta lilitesa raia sehemu za Walungu na Kalehe. Waliua, waliteka watu na kuwapeleka porini, walibaka. Watu wa Kaniola ao Kalonge wenye umri wa kutosha hawasikii jina “rasta” kama jina la muziki. Wanasikia usiku ule. Wale wauaji hawakuwa na uhusiano na imani ya Rastafari iliyoanza Jamaika katika miaka ya 1930, lakini jina na nywele vilibaki pamoja kwenye kichwa cha watu. Mama akirudi nyuma kidogo wakati kijana mwenye rasta anaingia, si lazima iwe dharau. Inaweza kuwa woga ambao haujapona.

Sababu ya pili ni masomo. Kwenye shule nyingi mvulana ananyolewa, na mwenye nywele nyingi anarudishwa nyumbani. Mtoto anakua akijua kwamba kichwa kifupi ni kichwa chenye kutii. Akikomaa, jicho lake linaendelea kusoma hivyo.

Sababu ya tatu ni dini. Kwenye makanisa mengi watu wanakumbusha barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya 11, pahali anasema nywele ndefu ni aibu kwa mwanaume. Wengine wanajibu kwa Samsoni na sheria ya Wanadhiri katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6, pahali wembe ulikatazwa kupita kwenye kichwa. Kwa Waislamu, kama vile walio wengi Kasongo na Kindu, hadithi zinasimulia kwamba nywele za Mtume zilifika kwenye masikio na mara zingine karibu na mabega. Kwa hiyo urefu peke yake si kosa. Lakini mafundisho yanachukia mwanaume kusali nywele zikiwa zimefungwa fundo nyuma. Bwana harusi Mwislamu mwenye nywele ndefu azifungue wakati wa sala, azifunge tena akitoka.

Si kitu cha wageni

Maneno yenye kusikika sana ni haya: “Hiyo si ya kwetu, ni ya Wazungu na wanamuziki.” Historia inasema ingine. Mwaka 1870, Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ulaya, alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, katika eneo ambalo leo ni Haut-Uélé. Aliandika kwamba wanaume wa huko walikusanya nywele nyuma ya kichwa, wakavaa juu yake kofia ndefu ya nyasi yenye manyoya, na kuishika kwa pini kubwa. Hiyo ilikuwa mavazi ya heshima.

Kwa Waluba, upande wa Tanganyika na Haut-Lomami, wachongaji walitengeneza vigoda vidogo vya mbao vya kulalia shingo, ili msuko usivunjike usiku. Vingine viko leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Hapo jirani Rwanda, wanaume walinyoa na kufuga nywele kwa mistari yenye kupinda, iliyoitwa amasunzu. 

Hata sheria ya nchi haiingii kwenye jambo hili. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inauliza juu ya umri, ukubali wa wote wawili na mahari. Ofisa wa serikali kwenye komini hana pahali pa kuandika urefu wa nywele za bwana harusi.

Ujue kwanza nani mwenye siku

Siku ya mahari, mwenye siku ni familia ya binti. Kijana asifike na nywele kama habari mpya. Mchumba azungumze na mama yake ao shangazi yake mapema, na msemaji wa familia ya kijana ajue pia, ili mtu akiuliza awe na jibu tayari. Neno moja la utulivu linatosha: “Mtoto wetu anafuga nywele, lakini mnaona anavyozitunza.” Kijana mwenyewe asianze kubishana na wazee kuhusu Samsoni.

Kwenye kilio mambo ni mazito zaidi. Katika mila nyingi za huku, watu wa familia ya marehemu wananyoa wakati wa kumaliza matanga. Mwenye rasta za miaka minane anaogopa ile siku, na ndugu zake wanaweza kusema anapenda nywele kuliko baba yake. Afazali amuone mkubwa wa familia mapema, peke yao wawili, mbele ya siku yenyewe, aombe kama kukata kishungi kimoja ao kupunguza ncha kunaweza kukubaliwa. Kama mkubwa anakataa, basi ni yeye kuchagua, lakini atakuwa aliomba kwa adabu. Kwenye matanga nywele zifungwe chini, bila shanga, bila rangi.

Kwa kazi, kuko mashirika yasiyojali na kuko biro zenye kujali sana. Anayeitwa kwa mahojiano anaweza kupita pale siku mbili mbele, kama mtu mwenye kuuliza njia, atazame wafanyakazi wa kiume wako namna gani. Kwa picha ya pasipoti ao ya kadi, uso mzima uonekane kutoka kidevu mpaka juu ya paji la uso, nywele zisiangukie macho wala zisitupe kivuli kwenye shavu. Nyuma ya kisogo ndiyo pahali pake.

Rasta

Rasta zinasokotwa upya siku mbili ao tatu mbele ya sherehe, si asubuhi yake. Zikisokotwa leo, ngozi ya kichwa inavutwa, inang’aa na kuuma, na mtu anakaa kwenye kiti cha heshima akijikuna.

Namna yenye heshima zaidi ni ile rahisi: kuzirudisha zote nyuma na kuzifunga chini, karibu na kola. Fundo la juu ya kichwa ni la mpira na la siku ya Jumamosi. Chini ya kisogo ndiko kostimu inakaa vizuri. Kama ni ndefu sana, zinaweza kusukwa mbili mbili ao kufanywa msuko mmoja mnene wenye kushuka mgongoni. Kifungio kiwe kitambaa cheusi ao elastiki yenye kufunikwa na kitambaa. Mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli unakata nywele, na unaonekana kwenye picha.

Adui mkubwa wa rasta ni maji yenye kubaki ndani. Rasta nene inaweza kuchukua siku nzima kukauka. Ikifungwa ao ikifunikwa na kofia ingali na maji, inaanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Wakati wa mvua, aoshe asubuhi mapema siku ya jua, akamue kwa kitambaa, aziache wazi. Sabuni itoke yote, mpaka maji yawe meupe.

Afro

Afro nzuri inajulikana kwa umbo. Aoshe, apake mafuta kidogo, kisha agawe nywele kwa sehemu na azungushie kila sehemu uzi kutoka mzizi mpaka ncha, vile mama zetu wanavyofanya. Alale hivyo. Asubuhi akifungua uzi, nywele zimenyooka bila moto. Hapo achanue kwa kitana chenye meno mapana na apeleke kwa kinyozi kurekebisha mviringo. Kinyozi asipandishe mstari wa mbele kwa wembe. Ule mstari ukisogezwa kila mara, paji la uso linakuwa kubwa kuliko umri.

Ukungu na mvua vinarudisha afro chini. Mwenye kujua kwamba sherehe iko nje, wakati wa mvua, achague misuko.

Misuko

Mistari sita ao nane yenye kwenda nyuma moja kwa moja, ikikutana chini ya kisogo, ndiyo inapita pahali pote: kanisani, komini, kwenye mahojiano. Mistari yenye kuchora nyota na nyoka ni mizuri, lakini ni ya siku ingine. Isukwe siku mbili mbele, na kama ni mara ya kwanza, siku nne.

Msuko haupaswi kuuma. Ukiona vipele vidogo kwenye mizizi, ao usingizi unakataa kwa sababu ya maumivu, msuko ni mkazo kupita kiasi. Fungua, hata kama ulilipa. Kuvutwa kila mara kunaua mizizi ya pembeni mwa paji la uso, na pale nywele zinaweza zisirudi tena.

Dawa za kunyoosha

Kuko wenye kukimbilia dawa ya kunyoosha nywele siku mbili mbele ya harusi. Ile dawa ni kali, inaweza kuchoma ngozi ya kichwa, zaidi kama mtu alijikuna ao alisukwa juzi. Kama hujawahi kuitumia, juma la sherehe si juma la kujaribu. Na usiichanganye na rangi siku moja.

Kola nyeupe, moto na bariera

Mafuta ya mawese ni mazuri kwa sombe, si kwa kichwa chenye kukaa juu ya shemisi nyeupe. Yanaacha alama nyekundu, na joto likipanda yanatoa harufu. Mafuta meupe ao yasiyo na rangi, matone machache tu mkononi, yanatosha. Mtu avae shemisi kwanza, aweke taulo mabegani, ndipo afunge nywele. Mwisho apanguse shingo.

Wengi wanafika kwenye sherehe kwa moto. Kaske inabonyeza nywele, na vumbi la Goma linaingia kila pahali. Kitambaa laini kifungwe kichwani chini ya kaske, kifunguliwe mbele ya kuingia. Kitambaa kinalinda pia dhidi ya jasho la abiria kumi waliovaa ile kaske asubuhi.

Kwenye bariera, nywele ndefu zinaweza kuleta maswali. Mwenye kwenda na basha ya mahari ao karatasi za kazi asafiri na wenzake mchana, kitambulisho kiwe karibu, nywele zifungwe, kofia itolewe bila kungoja kuambiwa. Anayeulizwa ajibu kwa upole. Hilo si suala la haki tu, ni suala la kufika.

Saa ya mwisho

Mbele ya kutoka, amwite mtu wa nyumbani amtazame kwa nyuma. Mwanaume anajiona mbele tu kwenye kioo. Wageni wanaokaa nyuma yake kanisani wanaona kisogo kwa saa mbili. Pale kunakuwa mabaki ya uzi, unga wa ngozi, ao nywele moja iliyokataa kufungwa. Ndevu pia: nywele zilizopangwa juu ya ndevu zisizochongwa zinaonekana kama kazi iliyoachwa katikati.

Kuko familia zitakazokataa hata baada ya hayo yote. Hapo kijana atajua kwamba tatizo si uchafu wala haraka, na mazungumzo yatakuwa mengine, kati ya watu wazima. Lakini mara mingi wazee wanatafuta alama moja tu: kwamba huyu mtu anaweza kutunza kitu kwa miaka bila kuchoka. Nywele ndefu zilizopangwa vizuri zinaweza kuwa ile alama.