Msandali Ukishavuka Mpaka

Hapa Zombe bado wananiita karani, ingawa mahakama niliiacha zamani. Siku ya soko kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza: "Mwaitu, msandali si umepigwa marufuku? Mbona wanunuzi hawaishi?"

Mawakili wangapi wameuliza maswali ya ovyo kuliko hilo! Msandali huota kwenye vilima vikavu kama vyetu vya Ukambani. Mafuta yake yamo kwenye kiini cha shina na mizizi, kwa hiyo hawaukati, wanaung'oa mzima. Rais wa Kenya alipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Basi magogo yakawa yanavushwa kwa magendo hadi nchi jirani, na huko amri ya Nairobi haina nguvu.

Dawa ilitafutwa Bangkok mwaka 2013. Nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ziliuorodhesha msandali wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Tangu hapo mzigo ukitoka katika nchi hizo lazima uwe na kibali, na ofisa wa forodha wa ng'ambo ana haki ya kukidai. Kwa Afrika kuna pia Mkataba wa Lusaka wa 1994, ambao kikosi kazi chake kina makao Nairobi na huwaunganisha maofisa wa nchi wanachama, Tanzania na Uganda zikiwemo.

Kijana akaruka: "Kwa hiyo polisi wetu wanaweza kumfuata mtu hadi Dar?"

La. Polisi wa Kenya akifika Dar ni mgeni kama mimi. Chukua mfano wa kesi ya pembe: mwaka 2014 zaidi ya tani 2 za pembe za ndovu zilinaswa Mombasa, na mshukiwa, Feisal Mohamed Ali, akawa hapatikani. Interpol ikasambaza ilani nyekundu. Ilani hiyo ni ombi. Kila nchi huliangalia kwa sheria zake. Desemba mwaka huohuo polisi wa Tanzania walimkamata Dar es Salaam, na baada ya siku chache tu alikuwa mbele ya hakimu Mombasa.

Magazeti yalishangilia. Mimi nilikuwa nangoja vielelezo. Mwaka 2016 alihukumiwa miaka 20. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia, ikisema ushahidi haukutosha. Wengi walikasirika, lakini ushirikiano wa polisi ulikuwa umefanya kazi yake: kumfikisha mtu kizimbani. Kumtia hatiani ni kazi nyingine, tena ya makaratasi. Hata ushahidi ulioko nchi nyingine una njia yake rasmi: Sheria ya Kusaidiana Kisheria ya 2011 hupitisha ombi kwa Mwanasheria Mkuu, na barua hiyo haina haraka ya bodaboda.

Kinachoniudhi ni kwamba anayeshikwa kirahisi ni mchimbaji wa kijijini mwenye jembe. Mwenye lori hulala hotelini.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

Nikamwambia: ukiona lori linapakia usiku, usibishane na mtu. Andika namba yake, saa, mahali na njia liliyoshika. Peleka polisi au kwa maofisa wa misitu, na usiondoke bila namba ya OB, kitabu cha matukio. Akatoa simu, akaanza kuandika.