Virusi kutoonekana si kupona

MVUVI mmoja wa omena kutoka Luanda Kotieno alinijia akiwa na kikohozi, homa za usiku na mwili uliokonda. Nilipomuuliza kuhusu dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, alijibu, "Nilipona, Daktari. Karatasi ilisema hivyo." Alikuwa amekaa miezi minane bila kumeza hata kidonge kimoja.

Karatasi yenyewe ilikuwa ingali kibetini mwake. Iliandikwa "undetectable". Mwenzake aliyejua Kiingereza kidogo alikuwa amemwambia kuwa ni sawa na "negative".

Si sawa hata kidogo. "Negative" ni jibu la kipimo cha kujua kama mtu ana virusi au hana. Maana yake ni kwamba havikupatikana. "Undetectable" ni jibu la mtu ambaye tayari anavyo. Dawa zimevipunguza mpaka mashine haiwezi kuvihesabu, yaani chini ya 50 katika kila mililita ya damu. Karatasi nyingine huandika LDL tu. Maana ni ile ile.

Basi virusi vimekwenda wapi? Sisi wa ziwani tunamjua kamongo. Kiangazi kikiingia hujizika topeni, ukadhani hayupo. Mvua ikinyesha hutoka. Virusi navyo hulala ndani ya baadhi ya seli za kinga, mahali dawa haivifikii. Ukiacha dawa, kwa kawaida huanza kuongezeka tena baada ya wiki chache.

Hata hivyo, "undetectable" ni habari njema. Anayedumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER huko Ulaya, uliochapishwa mwaka 2016 na 2019, ulithibitisha hivyo.

Msomaji, zingatia haya:

• Usiache dawa bila kumwuliza daktari, hata majibu yakiwa mazuri.

• Ukivuka kwa feri kwenda Mbita au kuhamia ufuo mwingine, beba vidonge vya kutosha.

• Ukiwa unatumia dawa, usijipime kwa kifaa cha mate. Kinaweza kukudanganya kuwa huna virusi.

• Mwombe muuguzi akusomee majibu kwa lugha unayoielewa, iwe Kiswahili au Kijaluo.

Mvuvi yule alipatikana na kifua kikuu. Sasa anatibiwa, na amerudia vidonge vyake.