Tusimcheke Ojwang' Tu, Tumsome

Wako walimu wa vyuo wanaoshikilia kwamba michezo ya kuigiza ya televisheni haina nafasi darasani. Hoja yao ni kwamba michezo hiyo ni mzaha mtupu, na Kiswahili chake kimejaa makosa. Kwa maoni yangu, makosa hayo ndiyo sababu ya kuifundisha.

Tuchukue mfano wa Vitimbi ya KBC. Mzee Ojwang', aliyelichekesha taifa kwa miaka mingi, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Hata hivyo, Benson Wanjau aliyemwigiza, na ambaye alifariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Je, aliwadhihaki Wajaluo au aliwaenzi? Mtazamaji anapocheka, humcheka nani hasa? Hayo ni maswali ya isimujamii, ya fasihi na ya historia kwa pamoja.

Maswali hayo yana uzito wa pekee hapa Eastleigh, ambako Msomali na Mborana huishi bega kwa bega na Mkamba na Mluhya. Mwalimu na aonyeshe kipande cha dakika kumi mara mbili: kwanza sauti ikiwa imezimwa, kisha ikisikika. Wanafunzi waandike walivyomdhania mhusika kabla ya kumsikia na baada ya kumsikia. Hapo watang'amua ni kiasi gani cha hukumu yao kilitokana na lafudhi tu. Tamthilia iliyochapishwa, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuwapa somo hili, maana kitabu hakina sauti.

Wala hili si jambo la kupitishia wakati. Itakumbukwa kwamba Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao wakiwa Wasomali wa Eastleigh, na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mashirika ya kutetea haki yalilalamika kwamba watu walilengwa kwa sababu ya asili yao.

Kijana aliyefunzwa kujiuliza kwa nini anamcheka Ojwang' atajiuliza pia kwa nini anamshuku jirani yake. Walimu wenzangu, televisheni imekuwa ikitufunza sebuleni kwa miaka mingi bila mwalimu. Wakati umewadia mwalimu naye aseme neno.