Matembezi ya kila mwezi na njia zetu za miguu

Vikundi vingi vinavyosoma jarida hili vinajua kuchanga pesa, kukuza miche ya mikoko, kufuga kuku na nyuki. Safari hii twaleta shauri ambalo halihitaji mchango wowote. Nalo ni kutembea pamoja, mara moja kwa mwezi, katika njia za miguu za kijiji chenu.

Najua mtu atacheka. "Sisi twatembea kila siku, kisimani, shambani, stejini. Ya nini tena kutembea?" Ni kweli, lakini kila mtu hutembea njia yake. Mama anayejua njia ya kisimani hajui ile ya wavuvi. Mchungaji wa mbuzi anajua ya malishoni tu. Na kijana wa bodaboda, kwake njia ni lami. Ukiuliza kijiji kizima kina njia ngapi za kushukia majini, hutapata mtu mmoja wa kukuhesabia zote.

Chukua mfano wa Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi, ambayo wengi huita kriki. Juu ya mwamba kuna magofu ya mji wa kale, misikiti na makaburi, yaliyochimbuliwa na James Kirkman miaka ya 1950 na sasa yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Chini yake ni maji na mikoko. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, magari yote kati ya Mombasa na Malindi yalishuka hapa kungoja feri, na watu wa vijiji vya karibu walishuka kwa njia zao za miguu kuuza, kuvuka na kusalimiana. Daraja limetufaa sana, hakuna anayetaka kurudi kwenye foleni ya feri. Lakini barabara ikihama, miguu ya watu nayo huhama.

Na njia ya miguu hufa polepole. Kwanza wapitaji wanapungua na majani yanaota. Mwenye ploti, ambaye pengine amenunua juzi na hajui habari za zamani, anaweka matawi ya miiba. Hakuna anayeuliza. Mwaka unaofuata ni nguzo na seng'enge, kisha ukuta wa mawe. Siku mvuvi anaporudi na wavu wake anaambiwa, "Hapa hapajawahi kuwa na njia." Atajibu nini? Malalamiko ya njia za pwani zilizofungwa yamesikika miaka mingi kutoka Kwale hadi Malindi, na mara nyingi wenyeji hushindwa kwa sababu moja: hawana cha kuonyesha.

Hebu tuangalie sheria inasema nini. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo ufuo wenyewe hauna mwenye hati. Lakini ufuo kuwa wa umma hausaidii kitu kama hapana pa kupita kuufikia. Hapo ndipo inakuja Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, kifungu cha 32. Inasema kwamba watu wakiitumia njia katika ardhi ya mtu kwa amani, kwa uwazi, kama haki yao, bila kukatizwa kwa miaka 20, haki hiyo ya kupita inaweza kuwa imara. Angalieni maneno hayo vizuri. Kwa amani, maana yake si kwa kuvunja ua. Kwa uwazi, si kupita usiku kwa kunyatia. Kama haki, yaani hamkuwa mkipita kwa hisani ya mwenyewe aliyewaruhusu leo na anaweza kukataa kesho. Kwa ardhi ya serikali mambo ni tofauti, na kila kesi ina yake, kwa hiyo kabla ya kwenda mahakamani muoneni wakili au shirika la msaada wa sheria.

Miaka 20 ni mingi. Nani ataithibitisha? Mzee aliyepita njia ile tangu siku za feri ndiye shahidi wenu, naye hatakaa milele. Hii ndiyo sababu kubwa ya matembezi. Wazee waende na vijana, hata kama ni kwa kipande kifupi tu na mkongojo. Wakifika kwenye mbuyu fulani au kisima cha zamani, mzee aseme: hapa tulipita, palikuwa na fulani, mwaka huo. Kijana mwenye mwandiko mzuri aandike.

Daftari hilo lisiwe karatasi za kuokotwa. Nunueni moja lenye jalada gumu, akae nalo katibu. Kila mwezi liandikwe tarehe, njia iliyopitwa, majina ya waliokuwapo, na mlichokiona: kisima kimekauka, daraja la magogo limeoza, mikoko imekatwa, uzio mpya umewekwa. Wote watie sahihi au kidole. Mwenye simu apige picha, na tarehe iandikwe. Baada ya miaka michache mtakuwa na kitu ambacho mgeni mwenye ploti hana.

Huko Uingereza vikundi vya kutembea vya vijijini ni jambo la kawaida, na kila mwezi watu wa rika zote hutoka pamoja mashambani. Lakini haki hiyo haikuletwa kwa sahani. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wa viwandani, walipanda mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya uwindaji, na watano kati yao wakafungwa jela. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya njia, na kipimo chake nacho kilikuwa miaka 20 ya kupita. Sheria ya mwaka 1949 ikaamuru mabaraza yachore ramani za njia zote za miguu. Sisi hatuna ramani ya namna hiyo, ndiyo maana nasema ianze katika daftari la kikundi.

Sasa kuhusu kutembea kwenyewe. Msichague siku kwa kalenda peke yake. Kama mtapita kando ya hori, fuateni mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo na siku moja mbili baadaye, maji hupwa sana asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, na mnaweza kupita chini kwa miguu. Siku za maji mafu pitieni juu, kwenye mashamba. Mtoke alfajiri, jua likiwa bado dogo. Mara ya kwanza saa mbili zatosha. Bebeni maji, na mtu mmoja abaki nyuma na wazee na watoto ili asiachwe mtu. Wakati upupu umekauka msiruhusu watoto watangulie vichakani, mtakuja kujikuna hadi jioni!

Kwenye shamba lililolimwa piteni kwa mstari mmoja, msichume hata embe lililoanguka. Kaya ni jambo jingine kabisa. Misitu ya makaya ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, lakini hata kabla ya hapo ilikuwa na wenyewe. Hamwingii bila wazee wa kaya, hampigi picha bila idhini, na hamvunji hata kijiti.

Matembezi haya si maandamano. Mkikuta mwenye ploti, msalimieni na mjieleze. Pengine naye ana sababu: nazi zake zaibiwa, ng'ombe wa watu waingia mihogoni. Mara nyingi yatosha njia kusogezwa pembeni, kwenye mpaka wa shamba, badala ya kukata katikati. Mkikubaliana, iandikwe na itiwe sahihi mbele ya chifu au naibu wake, kila upande ubaki na nakala, maana mwenye ploti akiuza, mnunuzi hatajua mlichosemezana.

Na mkikuta njia imekwisha fungwa, msikate seng'enge. Mkikata, ninyi ndio mtakaoitwa kituoni. Andikeni siku hiyohiyo katika daftari, kisha wajumbe wawili au watatu waende kwa naibu wa chifu. Halafu nendeni ofisi ya ardhi Kilifi mtazame ramani ya eneo lenu, kwa sababu huenda njia hiyo imechorwa kama barabara ya umma tangu upimaji, na hapo hamhitaji miaka 20 wala mzee wa kushuhudia. Kama imo katika ramani, andikieni serikali ya kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, mkiambatisha nakala. Kama haimo, mtahitaji lile daftari, wale wazee, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Barua zote ziandikwe mara mbili, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.