Tumsifu Mgema au Tuonje Tembo?

Kiongozi wa nchi hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza huuliza kama watu wanampenda: bashasha yake, ulimi wake, namna anavyochangamana na wananchi. Ya pili huuliza kama wanaridhika na jinsi anavyofanya kazi aliyopewa. Nchini Marekani, shirika la utafiti wa maoni la Gallup liliuliza swali hilo la pili kwa miongo mingi, tangu enzi za Rais Harry Truman, kwa maneno yasiyobadilika sana. Kumbukumbu hiyo ndefu inatufundisha kwamba mapenzi na ridhaa ni vitu viwili, na kwamba wananchi wanaoulizwa vizuri wana uwezo wa kuvitenganisha.

Mwaka 1979 Wamarekani wengi walimwona Rais Jimmy Carter kuwa mtu mwadilifu, mcha Mungu, asiye na makuu. Lakini mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 10, magari yakipanga foleni kusubiri petroli, na katikati ya mwaka huo walioridhika na kazi yake walishuka hadi asilimia 28. Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata alishindwa katika majimbo 44 kati ya 50. Kwa Rais Bill Clinton mambo yalikuwa kinyume. Desemba 1998, siku zile zile Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura ya kumshtaki kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, asilimia 73 walisema wanaikubali kazi yake, ingawa wengi hawakumwona kuwa mkweli. Ajira zilikuwa nyingi, na serikali ilikuwa imepata ziada ya bajeti kwa mara ya kwanza tangu 1969. Wananchi hao walijua walichokuwa wakijibu.

Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, unatoka kwa mtu mmoja aliyepimwa katika nyakati mbili. Rais Ronald Reagan alikuwa na haiba ambayo hata wapinzani wake waliikiri. Mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10.8, na Januari 1983 waliomkubali kikazi walibaki asilimia 35. Uchumi ulipoinuka, naye akainuka, na mwaka 1984 akashinda majimbo 49. Tabasamu lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni hali ya maisha. Haiba haikumkinga wakati wa dhiki, na haiwezi peke yake kueleza ushindi wake.

Wapo watakaosema kwamba moyo haugawanyiki hivyo: ukimpenda mtu, makosa yake huyaoni. Ni kweli, na katika Marekani ya leo ushabiki wa chama umezidisha upofu huo, kiasi kwamba jibu la swali moja mara nyingi hutabiri jibu la lile jingine. Lakini hiyo si sababu ya kuacha kuuliza mara mbili. Pengo kati ya majibu hayo linapofungika, ni dalili kwamba wananchi wameacha kukagua kazi na wanalinda upande wao. Wengine watasema kuwa tabia ya kiongozi ni sehemu ya kazi yake. Nakubali, kwani rais asiyeaminika hawezi kuliomba taifa livumilie vita au kodi. Ila uadilifu si kupendeka. Mwadilifu anaweza kuwa mkavu, na laghai akawa mcheshi kuliko wote. Kwa hiyo uadilifu nao unastahili swali lake la peke yake.

Wahenga walituachia onyo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hawakutukataza kumpenda mgema. Walijua kwamba sifa zikimwendea yeye huku kata haijaonjwa, atakayekunywa maji ni sisi. Kiongozi akipita mtaani kwetu, tumshangilie tukipenda, kisha tuulize bei ya unga, dawa hospitalini na ajira za vijana. Majibu ya hayo ndiyo yaamue kura yetu.